Fundi Aliyejua Ngozi ya Sufuria

Ukimpelekea sufuria, hakukuangalia wewe kwanza. Aliichukua, akaiinua kwenye jua, akachungulia ndani kama mtu anayetafuta ndoo iliyoangukia kisimani, halafu akaigonga kwa kidole mara mbili na kusikiliza. Ndipo alipokusalimia. Na salamu yake ya kwanza ilikuwa juu ya sufuria: "Hii mlipikia nyanya jana, mkaiacha ikalala nayo." Na kweli ilikuwa nyanya, na kweli ililala nayo. Mama yangu alisema heri yule mtu hakusomea udaktari, maana watu wangeogopa kwenda hospitali.

Sisi tulimwita Fundi. Mke wake tulimwita Mama Fundi. Walikuja Kimulot kutoka milima ya magharibi kabla sijaanza kukumbuka mambo, na sidhani kuna mtu aliyewahi kuwauliza jina lingine. Kibanda chake kilikuwa nguzo nne na mabati mawili, kando ya njia ya kwenda kituo cha kununua majani. Kwa hiyo sisi wachuna chai tulimpita mara mbili kila siku: asubuhi tukienda shambani na kikapu kitupu, alasiri tukirudi na kikapu kilichojaa, shingo imenyooka, hatuwezi hata kugeuka kumsalimia. Alijua hivyo. Alasiri alikuwa anatusalimia yeye, na hakungoja jibu.

Mimi niliacha shule darasa la nane, na sayansi niliyobaki nayo ni kidogo sana. Mwalimu alituambia kutu ni adui wa chuma, tukaandika, tukafunga daftari. Fundi ndiye aliyenifundisha kwamba kuna kutu na kutu. Siku hiyo nilikuwa nimempelekea sufuria ya ugali iliyong'oka mkono. Akachukua msumari, akachora mstari kwenye kitako chake cha kijivu. Mstari ukang'aa mweupe kama jino.

"Angalia haraka," akasema. "Umeona?"

Nikamwambia nimeona mstari.

"Hapana, hujaona. Hapo unapoangalia ishavaa tena. Hewa ikiigusa tu, inavaa."

Akanieleza kwamba alumini ikiguswa na hewa inatengeneza ngozi papo hapo, nyembamba kuliko ile ya ndani ya kitunguu, jicho haliioni. Hiyo ngozi ndiyo kutu yake. Lakini ni kutu inayoshika, haidondoki, na maji hayapiti. Chuma kutu yake huvimba, hupasuka, huanguka, na chini yake chuma kipya kinabaki uchi na kuliwa tena, mpaka jembe linakuwa kama sikio la ng'ombe aliyepigana. "Chuma ni mlevi," alisema. "Kila siku anauza shati alilovaa. Lakini alumini iko na haya. Ukiivua nguo, inajifunika hapo hapo, hata hujamaliza kugeuka."

Nilicheka sana. Nilikuwa msichana wa kucheka.

Kwa sababu ya hiyo ngozi alikuwa na vita na wanawake wote wa Kimulot. Kwetu, sufuria ndiyo cheti cha msichana. Ukishaosha unazipindua kwenye kichanja nje, na mtu yeyote akipita njiani anasoma hapo umelelewaje. Sufuria ya kijivu, hata kama ni safi, ni ya mvivu. Kwa hiyo tulisugua. Tulisugua kwa majivu, kwa mchanga wa mtoni, kwa ile waya laini inayokula kucha, mpaka uone meno yako ndani. Fundi akipita karibu na kichanja kinachong'aa hivyo alikuwa anatikisa kichwa kama amepita mahali pa ajali. Alisema tunachuna ngozi ya mtu mzima kila siku, halafu tunashangaa amekonda.

Na bado, sufuria za Mama Fundi ndizo zilizong'aa kuliko zote. Jua likiwa kali zilikuwa zinakupiga machoni kutoka ng'ambo ya bonde. Siku moja mwenyekiti wa chama cha akina mama akamwuliza mbele ya watu, mbona kwake hafundishi. Fundi akapiga nyundo mara tatu, nne, ndipo akajibu: "Ile nyumba iko na serikali yake."

Mambo yake mengine hayakupatana hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa maneno machache hadi uchukue sufuria yako uondoke. Hapo ndipo alipoanza kuhubiri. Usiiache na magadi ya mboga usiku kucha. Usiiweke chini penye majivu mabichi. Na ile kostiki ya kutengeneza sabuni, isisikie hata harufu yake, kwa sababu ile inaivua ngozi na haiiachi ivae tena. Alisema yote hayo polepole, na kila jambo na sababu yake, kwa hiyo watu walikuwa wanaitikia "sawa Fundi, sawa Fundi" huku miguu inakwenda. Mimi nilikuwa nikiitikia sawa ya mwisho nikiwa karibu kufika mtoni. Lakini nilisikia. Nataka hilo lijulikane. Sikuwa nimekosa kusikia.

Alipenda kusema jinsi alumini inavyopona mkwaruzo kabla hujapepesa jicho, lakini yeye mwenyewe hakupona hivyo. Neno dogo lilimkaa wiki nzima. Kuna mtu wa Merigi alimtania kwamba mikono ya sufuria yake imekaa kama masikio ya sungura, moja juu, moja chini. Mzaha tu. Kesho yake Fundi alifunga kibanda, akaenda mpaka Merigi na nyundo yake mfukoni, akaomba hiyo sufuria, akaitengeneza upya uani kwa mwenyewe, na kurudi na njaa. Chini ya kila kazi yake alikuwa anapiga alama, vidoti vitatu kwa ncha ya msumari. Hakuwahi kuandika bango. Alisema bango ni la mtu ambaye kazi yake haisemi.

Na mimi alinisikiliza. Nilikuwa na ndoto ya kufungua hoteli mjini Kericho, yenye pazia la buluu, na nilikuwa nimeipa majina kama kumi. Nyumbani nikianza walikuwa wananipa kazi ya kufanya. Fundi hakucheka. Aliniuliza nitapikia watu wangapi, akachora duara chini kwa kijiti, duara lingine ndani yake, akanionyesha sufuria za kuanzia. "Hoteli inaanza na sufuria," alisema. "Jina litakuja na wateja." Niliondoka pale nikiwa nimeshaajiri wahudumu sita kichwani.

Nimezunguka vya kutosha. Sasa niseme.

Chama cha akina mama wa kanisa kilikuwa na sufuria moja kubwa, ya kupikia watu mia mbili. Ilikwenda kwa kila harusi na kila matanga. Kitako chake kilikuwa kimechoka, wakampa Fundi aweke kipya. Alikaa nayo siku nne. Alikata bati jipya la alumini, akalikunja na ubavu wa sufuria, akapiga ule mkunjo pole pole pande zote, akamimina maji na kuiacha ilale nayo ili aone kama itatoa jasho. Haikutoa. Akapiga vidoti vyake vitatu. Akina mama waliibeba wakiimba.

Wa kwanza kuiazima tulikuwa sisi. Dada yangu alikuwa na koito, yaani siku ambayo watu wa kijana wanakuja kukaa na watu wa msichana na kukubaliana juu ya mahari. Mama wa yule kijana alikuwa anajulikana: akiingia boma la watu anapitia kwanza kwenye kichanja cha vyombo. Na ile sufuria, kitako kilikuwa kipya lakini ndani ubavuni ilikuwa imeganda chai ya miaka yote, nyeusi kabisa. Nikapewa mimi niioshe.

Nilisugua asubuhi moja nzima, weusi haukutoka. Kesho yake asubuhi nikakumbuka mkebe wa kostiki uliobaki siku chama kilipofundishwa kutengeneza sabuni. Nikawaza, kitu kinachozaa sabuni kitashindwaje na uchafu? Maneno ya Fundi yalinijia. Yalikuja vizuri tu, na sauti yake. Nikajiambia wazee wa kazi hutia chumvi. Nikamimina maji ya moto, nikatia kostiki, nikakoroga na kijiti.

Ikaanza kuchemka yenyewe, bila moto. Nikafurahi. Nikamwita dada aje aone uchafu unavyokimbia. Tulikohoa, tukarudi nyuma tukicheka. Nikaiacha hivyo, nikaenda kuchuna chai, nikapeleka majani kituoni, nikarudi alasiri. Maji yalikuwa meusi kama uji ulioungua. Nilipomwaga, ndani palikuwa peupe, panakwaruza kama ulimi wa paka. Nikachukua waya nikasugua mpaka pakang'aa, na mama akawaita jirani waone.

Halafu, kwa mchezo tu, nikaigonga kitako kwa kidole mara mbili kama Fundi. Mlio haukuwa ule. Ulikuwa mlio wa mkebe. Hiyo ndiyo sehemu inayoniamsha usiku: nilisikia, nikaenda kutayarisha nguo za koito.

Koito ilikwenda vizuri. Yule mama alisimama kwenye kichanja, akatazama, akamwambia mama yangu ana wasichana. Sufuria ikarudi kwa chama ikiwa nzima. Jumapili mbili baadaye kanisa lilikuwa na harambee ya kujenga jiko, na chai ilikuwa inachemka ndani yake wakati mkunjo ulipoachia. Chai yote ikamwagikia motoni na kwenye miguu ya mama aliyekuwa anapika. Moshi, mvuke, watoto wanalia. Yule mama alikaa zaidi ya mwezi bila kwenda shambani, na mimi nilikuwa nampelekea maziwa kila siku ya pili. Watu walinisifu kwa hilo. Walisema nina roho nzuri.

Jumatatu akina mama walikwenda kibandani kwa Fundi, na mimi nilikuwa ndani ya kundi. Aliomba jambo moja tu.

"Nileteeni niione."

Mwenyekiti akamwambia imekwenda. Mnunuzi wa vyuma alipita alfajiri na lori lake, wakaona afadhali iondoke. Fundi akasimama na nyundo mkononi kama mtu aliyesahau alikuwa anagonga nini. Mwenyekiti akanigeukia, akaniuliza kwa lugha yetu kama sufuria iliondoka kwetu ikiwa sawa.

Nilikuwa na nafasi hapo. Ilikuwa ndefu kiasi cha kupumua mara moja. Nikajibu, kwa lugha yetu hiyo hiyo, kwamba iliondoka ikiwa sawa, ila kitako nilikiona chepesi.

Sikutumwa na mtu kuongeza hayo. Yalitoka tu, yakanifunika.

Akina mama wakaguna. Mwingine akasema, bado kwa lugha yetu, kwamba watu wa kuja ndivyo walivyo, huweka bati jembamba na kubaki na zuri. Kisha mwenyekiti akasema kwa Kiswahili, "Haya Fundi, tumemaliza." Naye akainama kidogo, akasema pole. Aliuza ng'ombe wake wa maziwa, akawanunulia chama sufuria mpya. Hakuna aliyemlazimisha. Baada ya hapo nguzo nne zilibaki na sufuria tatu, kisha moja, kisha mbwa wa watu wakaanza kulala pale. Kabla mwaka haujaisha walihama, yeye na Mama Fundi, wakaenda Fort Ternan kulima miwa kwenye shamba la kukodi.

Nilijiambia wamepata mahali pazuri. Mimi ni mtu wa kuona mazuri, hata pasipokuwa nayo. Nikafungua hoteli, siyo Kericho, ni Merigi, meza tatu, na pazia la buluu nililipata. Miaka ikapita hivyo. Halafu siku moja, baada ya zile mvua za El Niño kukatika, mama alikuja kunitembelea, na mteja mmoja alikuwa ameniahidi kuni akakosa kuleta. Mama akamwambia mtoto wa dada yangu, aliyekuwa akinisaidia pale hotelini, "Usishike neno la yule. Ni kitako cha Fundi." Mtoto akacheka, akarudia. Nikauliza anajua maana yake. Akasema ndiyo, ni kitu cha uongo. Alizaliwa baada ya mambo hayo yote, na alikuwa analitumia kama tunavyotumia maneno ya wazee.

Wiki hiyo hiyo nikafunga hoteli nikaenda Fort Ternan.

Barabara ilikuwa bado imekatwa na maji sehemu mbili, nikatembea. Nilimkuta nyuma ya nyumba akinoa panga. Amekonda, lakini ni yeye. Alinitazama, jina likamkataa, halafu uso ukafunguka.

"Wewe ni ule wa hoteli."

"Ndiyo, mzee."

"Ilifunguka?"

Nikamwambia ilifunguka, Merigi, meza tatu. Akataka kujua sufuria ngapi. Akataka kujua kubwa kabisa ni ya watu wangapi. Alifurahi, kweli kabisa alifurahi, na mimi ningeomba anifukuze na lile panga kuliko kunitazama hivyo. Akanivutia kiti. Sikukaa. Nikasema yote nikiwa nimesimama, haraka, nikitazama miguu yake.

Nilingoja ama hasira ama msamaha. Nilikuwa nimejitayarisha kwa yote mawili. Akaweka panga chini.

"Maji yalikuwa ya moto ama baridi?"

"Moto."

"Kostiki kiasi gani?"

"Nusu mkebe. Ile mikebe midogo ya mafuta ya Kimbo."

"Ikachemka yenyewe."

"Ndiyo."

"Ikawapiga puani."

"Tulikohoa."

"Ukaiacha mpaka saa ngapi?"

Nikamwambia tangu asubuhi mpaka nilipotoka kituoni. Alifumba macho, midomo ikitembea, kama mtu anayerudia njia aliyopita usiku. Aliniambia mwaka ule alinunua bati kwa mtu mpya, na tangu siku ile amekuwa akilifikiria lile bati. Kisha aliacha bati akafikiria mkunjo. Kisha macho yake. Mama Fundi ndiye aliyemwambia aache kazi kabla hajaunguza mtu mwingine, akaacha, na vifaa akampa mtu bure.

"Hata ningeweka bati la lori," akasema, "ingeisha."

Akaita ndani. Mama Fundi akatoka akipangusa mikono kwenye kanga, akanitambua, akaanza salamu. Fundi akamkatiza kwa upole.

"Ngoja kwanza. Huyu ako na maneno." Akanigeukia. "Haya, mwambie."

Nikasema tena. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu yeye alinitazama usoni mpaka mwisho. Nilipomaliza, aliondoa macho kwangu. Alimgeukia mume wake, akamtazama. Akaketi kwenye kile kiti nilichokataa.

Nikapiga magoti nikasema nimekuja kuomba msamaha.

"Inuka," Fundi akasema. "Hiyo ya msamaha nitaona. Kuna watu wangapi Kimulot wanajua hii uliniambia?"

"Hakuna."

"Akina mama hukutana lini siku hizi?"

"Jumapili. Baada ya ibada."

Akafikiria. Akasema watakuja wote wawili, watakaa nyuma, na mimi nitasimama mbele niseme kama nilivyosema hapa, na kostiki, na kukohoa, na yote. Na yule mama aliyeungua miguu awepo. Nikakubali. Nikasema nitasema kwa Kiswahili ili na wao wafuate.

"Hapana," akasema. "Sema kwa lugha yenu, wazee wa pale wasikie vizuri. Mimi nitaelewa. Hata siku ile nilielewa. Ulisema kitako ni chepesi, na nikakuamini."